Bima ya Bei Nguvu na Hesabu ya Mwaka Mbaya

Zamu ya usiku ilikuwa imeisha, kioo cha mbele kina barafu, nasi tumekaa ndani ya gari tukisubiri hita ipate moto. Mama mmoja wa Bukavu ninayempa lifti alikuwa ameshika simu kwa mikono miwili. Ukurasa wa bima ya afya ulikuwa umefunguka, na siku ile ilikuwa ya mwisho kuchagua.

"Dada," akaniambia, "mimi nabeba hii ya bei nguvu. Watoto wangu siwezi kucheza nao."

Nikamweleza kwamba kwetu tumemaliza mwaka mzima na ile ya bei ya chini, na mtoto wetu mwenye pumu yumo humo humo. Nikamwambia, mama, ngoja kwanza tupige hesabu. Akanitazama kwa upole, kama mtu anayemhurumia asiyejua.

"Ninyi muko wawili. Na wote munatumika."

Akabonyeza.

Hiyo ilikuwa Novemba. Tangu siku ile maneno yake hayajaniacha. Mimi najua hesabu zangu ni sahihi, lakini aliyoyasema yeye hayakuwa kwenye hesabu zangu.

Kurasa mbili

Mjadala wa bima bila namba unageuka wa imani, kwa hiyo nianze na namba. Hapa Louisville, jimbo la Kentucky, Marekani, mwajiri wetu wa ghalani ana mipango miwili ya familia. Wa juu unakata dola 340 kwenye kila mshahara wa wiki mbili. Wa chini unakata 165. Mishahara ni 26 kwa mwaka, kwa hiyo wa juu unakula dola 8,840 na wa chini 4,290, hata kama hakuna aliyekohoa.

Taasisi ya KFF, ambayo kila mwaka huchunguza bima za waajiri Marekani, ilikuta mwaka 2025 bima ya familia inagharimu kwa wastani dola 26,993, na katika hizo mfanyakazi anatoa 6,850. Kwa hiyo makato yetu yapo huku na huku ya wastani. Kiasi kikubwa kinachobaki hulipwa na mwajiri, na ukifikiri vizuri hiyo nayo ni sehemu ya ujira wetu, ila hatuishiki mkononi.

Sasa tazama upande wa kuugua. Kwenye mpango wa juu, familia inajilipia yenyewe dola 1,500 za kwanza za mwaka. Kwenye wa chini inajilipia 4,000. Ukishavuka hapo, mipango yote miwili inalipa asilimia 80 na wewe 20, mpaka ufikie kikomo cha mwaka, yaani dola 8,000 kwa wa juu na 9,000 kwa wa chini. Ukigusa kikomo, bima inabeba yote yaliyobaki hadi Desemba 31, mradi usitoke nje ya hospitali na madaktari walioingia mkataba nayo.

Chanjo za watoto na uchunguzi wa kawaida wa mwaka haviguswi na hesabu hiyo. Tangu sheria ya Obama ya mwaka 2010 hizo hulipwa zote, kwenye mpango wowote kati ya hii.

Halafu kuna mstari mmoja mdogo chini kabisa ya ukurasa. Anayechagua mpango wa chini, mwajiri anamwekea dola 1,200 kwenye akaunti ya akiba ya afya, HSA. Fedha ile ni yako. Ukihama kazi unaondoka nayo, na mwaka ukiisha haipotei.

Wengi hawaufikii mstari huo. Wakiiona ile 4,000 wanafunga ukurasa.

Mwaka mbaya

Kila ninayezungumza naye kazini analinganisha makato na makato, au 1,500 na 4,000. Mimi nilianzia mwisho. Nikajiuliza: tukipata mwaka mbaya kuliko yote, ajali, upasuaji, mtoto kulazwa, tutakuwa tumetoa shilingi ngapi mpaka Desemba?

Mpango wa juu: makato 8,840, ongeza kikomo 8,000. Jumla dola 16,840.

Mpango wa chini: makato 4,290, ongeza kikomo 9,000, toa 1,200 za mwajiri. Jumla dola 12,090.

Nilirudia mara ya pili nikidhani nimekosea kujumlisha. Katika mwaka mbaya kuliko yote, ule mpango ambao watu wanauogopa kwa ajili ya mwaka mbaya ndio unaowaachia dola 4,750 mfukoni.

Mwaka wa afya njema unajieleza wenyewe: 8,840 kwa 3,090. Mwaka wa katikati, tuseme bili za familia zimefika 6,000, wa juu unakugharimu jumla 11,240 na wa chini 7,490.

Nilitafuta pembe ambayo wa juu unashinda. Pembe iliyokaribia ni pale mgonjwa ni mmoja tu nyumbani na anaugua sana. Mpango wa juu una kikomo cha mtu mmoja, dola 4,000. Wa chini hauna, kwa hiyo mtu mmoja anaweza kuimaliza 9,000 yote peke yake. Hapo wa juu unatoka 12,840 na wa chini 12,090. Bado wa chini, kwa dola 750. Ukiingiza kodi pengo hilo linaweza hata kuyeyuka, kwa sababu makato ya bima hukatwa kabla ya kodi, kwa hiyo kuyapunguza hakukupi dola nzima kwa dola. Linarudi pale unapozipitisha fedha za matibabu kwenye HSA kupitia mshahara, maana nazo hazitozwi kodi. Kwa mwaka 2026 familia inaruhusiwa kuweka hadi dola 8,750, ukijumlisha na za mwajiri.

Hizi ni kurasa za mwajiri mmoja. Kwingine jibu linaweza kugeuka kabisa, hasa pale tofauti ya makato ni ndogo au mwajiri haweki chochote. Anayesoma asichukue uamuzi wangu. Achukue njia: makato ya mwaka, ongeza kikomo, toa anachotoa mwajiri. Kisha atazame na kikomo cha mtu mmoja.

Na jambo hili halipo ghalani kwetu tu. Mwaka 2017 wachumi Saurabh Bhargava, George Loewenstein na Justin Sydnor walichapisha utafiti kuhusu kampuni moja kubwa ya Marekani, ambako baadhi ya mipango ilikuwa na hasara kuliko mingine kwa hali yoyote, uugue au usiugue. Zaidi ya nusu ya wafanyakazi waliichagua hiyo yenye hasara. Wenye mishahara midogo ndio waliozidi kuichagua.

Nilipoisoma habari hiyo mara ya kwanza niliona ni suala la elimu. Watu wafundishwe, basi. Sasa sina hakika hivyo.

Januari

Bili haisubiri mwaka uishe.

Chukua mtoto wa miaka sita, usiku wa Januari, homa imepanda na anapumua kwa shida. Unakimbilia idara ya dharura. Bili ikija dola 2,500, aliye kwenye mpango wa juu atakuwa na mzigo wa kama dola 1,100, maana mtoto mmoja anajilipia 750 za kwanza kisha asilimia 20. Aliye kwenye mpango wa chini anadaiwa zote 2,500. Ni kweli kufika Desemba atakuwa amepata nafuu. Lakini kodi ya nyumba inadaiwa tarehe moja Februari.

Sisi tulipochagua mpango wa chini, mume wangu ndiye aliyeuliza swali hilo. "Januari je?" Tukakubaliana kwamba ile tofauti ya makato, dola 175 kila mshahara, tutaiacha iendelee kukatwa, ila iingie HSA. Mshahara unaokuja mkononi ukabaki karibu ule ule. Kwa mwaka, 175 mara 26 ni 4,550, pamoja na 1,200 za mwajiri ni 5,750. Inafunika ile 4,000 yote na kubaki.

Hata hivyo HSA ina tabia moja ambayo lazima mtu aijue. Unatumia kilichokwisha kuingia tu. Mwezi Januari imeingia mishahara miwili. Ile akaunti nyingine ya matibabu inayokatwa kwenye mshahara, FSA, kiasi chote ulichoahidi kwa mwaka kinapatikana tangu siku ya kwanza, lakini usipokitumia kwa wakati kinapotea, isipokuwa sehemu ndogo ambayo baadhi ya waajiri huruhusu ivuke mwaka. Kwenye HSA njia ya kutokea ni kwamba hakuna mwisho wa kujirudishia. Bili ya Januari unaweza kuilipa hospitali kidogo kidogo, na akaunti inapojaa ukajirudishia Juni au hata mwaka unaofuata, mradi akaunti ilikuwa imeshafunguliwa siku ya matibabu na umetunza risiti.

Sisi tuliweza kwa sababu tuko wawili.

Mama wa Bukavu ana mshahara mmoja na watoto watatu. Ile 175 asingeiweka HSA. Ingeingia kwenye kodi ya nyumba, umeme, viatu, na ada ya mdogo wake anayesoma kule. Si kwamba hana nidhamu. Fedha inayobaki nyumbani kwake huwa imeshapata kazi kabla haijafika. Ndipo nikaelewa anachonunua. Analipa zaidi kila wiki mbili ili asije akaamka siku moja na deni la 2,500. Anajua kwamba makato ya kila mshahara atayazoea, na kwamba deni la ghafla litamwangusha.

Hapa ndipo nilipokwama kwa siku nyingi. Hesabu yangu inasema anapoteza maelfu. Maisha yake yanasema hana njia ya kuzishika hizo fedha hata akizipata. Yote mawili ni kweli, na mshahara wake ni mdogo kuliko wangu na wa mume wangu tukijumlisha. Anayeishi karibu zaidi na ukingo ndiye anayelipa bei ya juu zaidi kwa ulinzi ule ule.

Mlango usio kwenye ukurasa

Nikiwa katika kuchakura ndipo nikagundua tulikuwa tunajadili swali ambalo kwake huenda halikuwa swali lenyewe.

Kentucky ina bima ya watoto, KCHIP, kwa familia zenye kipato kisichozidi asilimia 218 ya mstari wa umaskini. Kwa nyumba ya watu wanne mwaka 2025 mstari huo ulikuwa dola 32,150, kwa hiyo kikomo kilivuka kidogo dola 70,000 kwa mwaka. Chini zaidi ya hapo watoto huingia Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo. Hakuna msimu wa kujiandikisha, unaomba mwezi wowote. Mshahara mmoja wa ghala letu, na watoto watatu, uko chini ya viwango hivyo kwa mbali.

Kwa maneno mengine, huenda watoto wake hawakuhitaji kuwa kwenye bima ya mwajiri kabisa. Na yeye peke yake, makato ya mpango wa chini ni dola 45 kwa mshahara. Kwa mwaka ni 1,170, dhidi ya 8,840 alizobonyeza.

Nilimpigia siku hiyo hiyo. Alikuwa anajua kuhusu Medicaid. Alikuwa nayo miezi ya kwanza alipofika. Aliiacha alipopata kazi, kwa sababu aliambiwa kanisani kwamba inaharibu karatasi za uraia.

Jambo hili nataka niliseme wazi kwa sababu linazunguka sana kwenye jumuiya zetu. Kanuni ya kumnyima mtu ukaazi wa kudumu kwa kuwa atakuwa mzigo kwa serikali haimhusu aliyeingia kama mkimbizi. Sheria yenyewe imemtoa. Waliokuja kwa njia nyingine wana masharti tofauti, na hadhi ya uhamiaji ya mtoto nayo huangaliwa, kwa hiyo mtu aulize wanasheria wa uhamiaji wa msaada wa bure au shirika lililompokea, asiishie kwa jirani.

Kubadili mpango katikati ya mwaka si rahisi. Huruhusiwi mpaka kitu kitokee: umefunga ndoa, umezaa, umepoteza bima nyingine, na muda wa kutoa taarifa kwa kawaida ni siku 30. Mtoto kuingia Medicaid ni mojawapo ya sababu ambazo mpango wa mwajiri unaweza kuzikubali. Maombi yake ameshayatuma. Tulikaa mezani kwake tukayajaza, yeye akitafuta slipu za mishahara kwenye mfuko wa plastiki anaohifadhia kila karatasi aliyopewa tangu ashuke kwenye ndege.

Paa moja, waajiri wawili

Walio wawili nao wana mitego yao. Mume wangu angeweza kutubeba wote kwenye bima ya kazini kwake, lakini huko wana tozo ya ziada kwa mwenza ambaye angeweza kupata bima kwa mwajiri wake mwenyewe. Tukaamua yeye abaki kwake peke yake, mimi nibebe watoto. Waajiri wengine wana ngazi ya "mfanyakazi na watoto" ambayo ni nafuu kuliko "familia", na watu wengi wanairuka.

Mtego mkubwa zaidi ni huu: mwenza wako akijiandikisha FSA ya kawaida kazini kwake, wewe hupaswi tena kuweka fedha HSA, kwa sababu ile FSA inahesabiwa kuwa inaweza kukulipia na wewe. Hakuna aliyetuambia. Tuliikuta kwenye maelezo ya mamlaka ya kodi, IRS, kabla hajabonyeza.

Na kuhusu pumu. Tangu 2019 IRS imeruhusu mipango hii ya chini kulipia dawa za pumu za kuvuta za kila siku, zile za kuzuia, kabla hujafikisha ile 4,000. Imeruhusu, haikulazimisha. Omba orodha ya dawa za kinga ya mpango wako, utafute jina la dawa ya mtoto wako humo. Kwetu ilikuwemo. Ingekosekana, tungelazimika kuanza hesabu upya.

Wasio na kisanduku

Fomu inauliza mwenza na watoto, basi. Watoto hubaki mpaka wafike miaka 26, na hilo ni jema. Lakini mama yangu yuko Tanga, ana presha na magoti yanamsumbua, na hakuna kisanduku chake. Dada yangu mwalimu wa serikali ameweza kumwandika kama mtegemezi kwenye kadi yake ya bima ya taifa, NHIF. Mimi niliye Marekani siwezi, na HSA yangu pia siwezi kuitumia kwa matibabu yake, kwa kuwa mzazi anayeishi Tanzania na si raia wa huku hahesabiwi kuwa mtegemezi wangu kikodi.

Kwa hiyo ninapopanga gharama za afya za familia ninaongeza mstari wangu mwenyewe chini ya karatasi, wa fedha ninayomtumia dada kwa ajili ya dawa ambazo kadi haizitoi. Mama wa Bukavu ana mistari kama huo mingi kuliko mimi. Mtu wa HR, idara ya mambo ya wafanyakazi, akiuliza kwa nini wafanyakazi wake wanashindwa kuweka akiba HSA, sehemu ya jibu iko hapo.

Tulichoandika

Tumeandika barua kwa HR, mimi na wenzangu wachache, kwa Kiingereza na Kiswahili. Tumeomba ukurasa wa kuchagulia uonyeshe jumla ya mwaka mbaya kwa kila mpango, kwa tarakimu, juu kabisa. Tumeomba makato yapangwe kwa mshahara, anayepata kidogo akatwe kidogo, kama waajiri wengine wanavyofanya. Na tumeomba zile dola 1,200 ziingie zote Januari. Kwa sasa zinagawanywa kwenye mishahara 26, dola 46 na senti, na zile za mwisho zinafika Desemba.

Hilo la tatu ndilo ninalolijali kuliko yote. Dola 1,200 zilizokaa kwenye akaunti siku ya kwanza ya mwaka zingemfanya mtu mwenye mshahara mmoja aweze kuutazama mpango wa chini bila kutetemeka. Mwajiri asingetoa hata senti moja zaidi kwa anayebaki kazini mwaka mzima. Angezitoa mapema tu.

Wametujibu kwamba jumla ya mwaka mbaya wanaweza kuiweka msimu ujao. Makato kwa mshahara wamekataa. La Januari litajadiliwa Agosti, viwango vya mwaka unaofuata vinapopangwa, na wametaka mfanyakazi mmoja akae kwenye kikao hicho.

Nimempendekeza mama wa Bukavu.